Umechaguliwa Mwenyekiti: Mwongozo wa Miezi Sita ya Kwanza

Kura zimehesabiwa, vigelegele vimepigwa, na kesho asubuhi kuna mtu atakugongea mlango kabla hujanywa chai. Labda umepata uenyekiti wa mtaa katika uchaguzi wa serikali za mitaa. Labda ni kikundi cha kuweka na kukopa, kamati ya shule, kijiwe cha bodaboda, kwaya au kamati ya msikiti. Vyeo vinatofautiana, kazi ni ileile: una watu usiowalipa na usioweza kuwafukuza, na unatakiwa mfanye jambo pamoja mpaka liishe.

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti wa namna hiyo hapa Mafiga, kata ya Manispaa ya Morogoro yenye wenyeji, wapangaji, watumishi na wafanyabiashara wadogo waliochanganyika. Lakini hata ukiwa Kihonda au Kilakala utakufaa. Ushauri wake mkuu ni mmoja. Kiongozi anayefanikiwa hujiwekea mwenyewe njia za kuulizwa, tena mapema, kabla watu hawajaanza kuulizana pembeni. Sauti nzito na ufasaha wa kuhutubia vinasaidia siku ya kampeni. Baada ya hapo watu wanataka majibu.

1. Jua mamlaka yako yanaishia wapi

Wenyeviti wengi huharibikiwa mwezi wa kwanza kwa kuahidi vitu visivyo vyao. Mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa na wakazi. Mtendaji wa mtaa ameajiriwa na halmashauri, na ndiye mwenye ofisi na majalada. Diwani anaongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata ni katibu wake, na wewe mwenyekiti wa mtaa ni mjumbe. Balozi wa nyumba kumi naye yupo. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, yeye ni kiongozi wa chama na si wa serikali, lakini watu wengi bado humwendea kwanza wakigombana na jirani. Mheshimu, ila usimwachie kazi yako.

Halafu kuna taasisi. Barabara nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA, umeme ni wa TANESCO, maji ni ya MORUWASA. Mtambo wa kusafisha maji ya Bwawa la Mindu uko hapahapa Mafiga, lakini bomba la mtaani kwako likikauka huna koki ya kufungua. Ulicho nacho ni uwezo wa kuuliza kwa niaba ya wengi na kurudi na jibu.

Jizoeze kusema hivi: "Hili haliko mikononi mwangu. Jumatatu nitakwenda ofisi inayohusika, na Jumamosi nitawaambia walichonijibu, hata kama jibu ni hapana." Kisha Jumamosi useme kweli. Watu wanaweza kuvumilia hapana. Kinachowachosha ni "tunalifanyia kazi" ya mwezi wa tatu mfululizo.

La kufanya wiki hii: kaa na mtendaji wako, au na katibu kama ni kikundi, muorodheshe mambo kumi ambayo watu hulalamikia mara kwa mara. Mbele ya kila moja andikeni nani mwenye uamuzi na ofisi yake iko wapi. Ukiongoza kikundi, soma katiba yake yote. Utashangaa ni wangapi walioipitisha bila kuisoma.

2. Uliza kabla hujaamuru

Somo kubwa la uongozi katika mkoa huu liko mlimani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika milima ya Uluguru. Hoja yake haikuwa ya uongo: miteremko ilikuwa ikimomonyoka, na huko juu ndiko kwenye vyanzo vya mito ya Ruvu na Ngerengere. Dawa iliyoamriwa ilikuwa kuchimba matuta ya ngazi. Watu walipangiwa kiasi cha kuchimba, na asiyechimba alipelekwa barazani kutozwa faini.

Waluguru wakachimba, na mavuno yakawa mabaya. Sehemu nyingi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba juu tu, kwa hiyo ukikata ngazi unafukia udongo mzuri na kuleta juu udongo mfu. Kazi yenyewe ilikula siku ambazo zingetumika kupanda na kupalilia. Watu walikuwa na hofu nyingine pia: ardhi ya Waluguru hurithiwa kwa ukoo wa upande wa mama, na serikali inapoanza kuingia shambani na kupima, mwenye shamba hujiuliza kesho itadai nini. Mwaka 1955 hasira zikalipuka, hasa upande wa Matombo. Polisi walifyatua risasi na mtu akapoteza maisha. Ulazima wa kuchimba matuta ukaachwa.

Machifu na wasaidizi wao waliokuwa wakipokea amri juu na kuzishusha chini waliumia kuwili. Serikali iliwaona wazembe, watu wao wakawaona wasaliti. Mwenyekiti wa leo anayepokea maagizo kutoka juu na kuyasoma kwenye mkutano kama tangazo la redio yuko kwenye kiti hichohicho.

Sasa linganisha na yaliyofanyika Kibungo, kwenye milima hiyohiyo, zaidi ya miaka hamsini baadaye. Mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi ambao watumiaji wa maji walioko chini, shirika la maji la Dar es Salaam (DAWASCO) na Coca-Cola, walichangia malipo kwa wakulima wa juu waliolinda ardhi. Mkulima alikuwa na njia kadhaa mbele yake, kama makinga maji ya fanya juu na kupanda miti shambani, na akalipwa kulingana na eneo alilolitunza. Mradi nao ulikuwa na matatizo yake, lakini jambo lililoshindikana kwa faini lilianza kufanyika kwa makubaliano, kwa kuwa safari hii mtu aliulizwa na akaonyeshwa faida yake iko wapi.

Kabla hujapeleka pendekezo lolote mkutanoni, liulize maswali manne:

– Nani atatoa jasho, na nani atafaidi? Kama si watu walewale, mwenye kufaidi atachangia nini?
– Wenye kazi hiyo wanaonaje? Kama ni takataka, umezungumza na kina mama wanaofagia na vijana wanaosukuma mkokoteni, au umezungumza na wazee wa kamati peke yao?
– Mtu wa Mafiga amewahi kujaribu jambo hili, na lilikwama wapi?
– Likituchosha, tutaliacha kwa utaratibu gani bila kugombana?

Usingoje mkutano kuwauliza. Mkutanoni husema wachache, na mara nyingi ni walewale. Mpangaji huogopa kuambiwa "wewe ni wa kuja tu", msichana husubiri shangazi aseme kwanza, na dereva wa bodaboda hana saa mbili za kukaa. Wafuate kijiweni, kwenye genge, kisimani. Mwamkie mkubwa, mwite mdogo wako kwa jina lake, uliza swali moja kisha unyamaze. Maneno utakayoyapata humo hayatafika kamwe kwenye karatasi ya ajenda.

3. Kikao kisimame juu ya "yatokanayo"

Ajenda ya vikao vyetu inajulikana: kufungua, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, ajenda ya siku, mengineyo, kufunga. Kwenye vikao vingi mwenyekiti huruka kwenye yatokanayo kwa sentensi moja, kisha mengineyo hula saa nzima kwa lawama. Geuza uzito huo.

Yatokanayo ni orodha ya mliyoahidiana. Mwambie katibu aiandike kwa safu tatu: jambo, mhusika, tarehe. Mhusika awe mtu mwenye jina, kwa sababu "kamati" haina miguu. Tuseme kikao cha Januari kilikubaliana kuzibua mtaro kabla ya masika ya Machi. Muhtasari wa kawaida utaandika: "Wajumbe walikubaliana mtaro uzibuliwe." Muhtasari wa mwenyekiti makini utaandika: mtaro kuanzia kona ya duka la dawa hadi kalavati, msimamizi ni mjumbe fulani, majembe kumi na toroli mbili kutoka kwa fulani, kazi ni Jumamosi ya pili ya Februari, saa moja asubuhi. Kikao cha Februari kinaanza kwa kumuuliza msimamizi, mbele ya watu wote na kwa upole: imefika wapi?

Na weka majina ya wakubwa kwenye safu ya pili, jina lako likitangulia. Katibu akisoma, "Mwenyekiti aliahidi kufuatilia taa ya barabarani," ukasimama na kusema umekwenda mara ngapi na umejibiwa nini, umewafundisha wajumbe kuwajibika bila kutumia neno hilo. Ukikwepa, usitegemee mwingine atajibu.

Mambo mengine ya kikao yanaelezeka kwa ufupi:

– Anza kwa saa iliyotangazwa hata kama wamefika wachache, alimradi akidi imetimia. Ukiwasubiri waliochelewa unawaadhibu waliowahi.
– Toa maoni yako mwisho. Mwenyekiti akisema kwanza, wanaomheshimu wataitikia na wasiomheshimu watapinga, na hoja yenyewe haitajadiliwa.
– Msemaji mmoja akitawala, mkatize kwa adabu: "Mzee wangu, tumekupata vizuri. Naomba nimsikie dada pale nyuma."
– Mengineyo yapokelewe mwanzoni. Uliza nani ana la ziada, liandikwe, lipewe dakika zake. Jambo zito lipelekwe kikao kijacho likiwa na maelezo.
– Malizeni ndani ya saa mbili. Baada ya hapo watu wanakubali chochote ili waondoke.

4. Fedha: jiweke mbali nazo, zisogeze karibu na watu

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vinajua siri hii tayari. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, na fedha huhesabiwa mbele ya wote kila kikao. Utaratibu huu haumtukani mweka hazina. Unamlinda, maana siku fedha ikipungua hakuna wa kumnyooshea kidole peke yake.

Beba mantiki hiyo kwenye kila shilingi itakayopita mtaani au kikundini kwako. Michango ya mwenge, ya ulinzi shirikishi, ya madawati, ya msiba: kila mpokeaji atoe risiti, na mwenyekiti asipokee fedha mkononi hata akiombwa "nishikie tu hadi jioni". Akaunti ya benki iwe na watia saini zaidi ya mmoja. Taarifa isomwe kila kikao, kisha ibandikwe mahali wanapopita watu, ubao wa ofisi ya mtaa ukiwa wa kwanza. Isiwe ndefu: tulianza na kiasi gani, tuliingiza nini, tulitoa nini na kwa nani, tumebaki na nini. Bibi asiyesoma asomewe na mjukuu wake, naye aelewe.

Kama unaongoza kikundi, kuna mambo mawili ya kisheria ya kujua. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa katika daraja la nne, na vinatakiwa kusajiliwa. Pia halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea mwaka 2024. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona. Kikundi chenye leja safi na mihtasari iliyosainiwa kina la kumwonyesha. Kikundi chenye mwenyekiti maarufu na daftari tupu kitaishia kusimulia.

Viongozi wa nchi hii waliwahi kuwekewa mipaka mikali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi wa umma kupokea mishahara miwili, kumiliki hisa kwenye makampuni na kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991, na tangu mwaka 1995 kuna sheria ya maadili ya viongozi wa umma inayowataka kutangaza mali zao. Wewe hutajaza fomu kwa ajili ya kamati ya shule, lakini unaweza kujipangia miiko miwili: usikope kikundini kabla ya wanachama wa kawaida, na usimpe ndugu yako tenda ya kitu chochote bila wengine kulinganisha bei.

5. Kubali kuulizwa maswali magumu

Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo uliowaonya viongozi dhidi ya majivuno, ubabe na dharau kwa wanaowaongoza. Haukubaki kabatini. Wafanyakazi viwandani waliuchukua kama ngao, wakawauliza mameneja waliozoea kuwafokea, na miaka michache iliyofuata migomo ikawa mingi. Baadhi ya wakubwa waliona nidhamu imevunjika, ingawa waliouliza walikuwa wakifuata maandishi ya chama chao wenyewe.

Swali gumu litakufika hata wewe, na mara nyingi litatoka kwa mtu ambaye hukumpenda tangu zamani. Fanya mambo matatu. Lirudie kwa maneno yako ili aone umelielewa. Jibu unachokijua na useme wazi usichokijua. Lisilojibika leo liingie kwenye yatokanayo likiwa na jina lako. Usiulize "nani amekutuma?" Siku utakapouliza hivyo, wenye maswali ya kweli watahamia kwenye kundi la WhatsApp usilokuwamo.

Jihadhari zaidi na wanaokusifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mwenyekiti akisifiwa huacha kusoma taarifa. Tafuta watu wawili wasiokuogopa, ikiwezekana mmoja mwanamke na mmoja aliye chini ya miaka thelathini, uwaombe wakwambie pembeni mambo ambayo watu wanayasema ukishaondoka.

6. Ugomvi upatanishwe mapema na mahali pake

Mipaka ya viwanja, maji machafu yanayoelekezwa kwa jirani, muziki wa usiku, mwanachama asiyelipa mkopo: haya ndiyo yatakayokugongea mlango. Sikiliza upande mmoja bila kuahidi kitu, usikilize wa pili siku hiyohiyo, kisha uwakutanishe na mtu mzima anayeheshimiwa na wote wawili. Andika walichokubaliana, wasaini. Kama mmoja ni ndugu au rafiki yako, toka kwenye kiti na umwachie mjumbe mwingine.

Usijifanye hakimu. Hata baraza la kata, tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021, kwenye migogoro ya ardhi linasuluhisha tu. Uamuzi ni wa baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Kipigo, ubakaji na ukatili kwa mtoto si mambo ya kupatanisha barazani kwako. Ni ya polisi na dawati la jinsia, na kuyamaliza "kifamilia" ni kumsaidia mkosaji.

7. Jenga kitu kitakachobaki

Majirani zetu wa Mazimbu wana historia ya kujifunza. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, chama cha ANC, shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu. Wakajenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu mwaka 1979, na pamoja nayo nyumba, hospitali, mashamba na karakana. Walikuwa ugenini na walitaka kurudi kwao. Hata hivyo walijenga majengo ya kudumu. Mwaka 1992 wakayakabidhi kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Vizazi vya wanafunzi vinasoma humo bila kuwajua waliochimba misingi.

Uenyekiti wako nao ni wa muda. Fanya kila kazi iwe na mtu wa pili anayeijua: katibu msaidizi aandike muhtasari kikao kimoja kati ya vitatu, mweka hazina amfundishe mwenzake leja, na makamu aongoze kikao nawe ukiwa umekaa na wajumbe. Nyaraka zikae ofisini. Jalada lililo chini ya godoro lako si jalada la mtaa. Namba za simu za ofisi na mafundi ziandikwe kwenye daftari la wote.

Mwezi wa sita ukifika, jipime hivi. Safiri wiki ambayo kuna kikao, na usipige simu. Ukirudi, omba muhtasari na uangalie mambo manne: kikao kilifanyika kwa tarehe yake? Yatokanayo yalisomwa na wahusika wakajibu? Fedha zilihesabiwa na taarifa ikabandikwa? Kuna mtu aliyeuliza swali gumu na likaandikwa? Ukipata ndiyo nne, endelea, uanze kumwandaa anayeweza kukurithi. Ukipata hapana hata moja, umejua kazi yako ya miezi sita ijayo ni ipi. Iandike kwenye yatokanayo ya kikao kijacho, jina lako na tarehe vikiwa mbele yake.